Hewa Iliyofungiwa Kanisani

Mimi sijawahi kuwa mtu wa kunong'ona. Kwa hiyo watu wa taasisi ya hewa walipokuja kambini Nakivale, huku Uganda, kutafuta mtu wa kuwasemea kwa wakimbizi, mwenye Kiswahili chetu cha Kongo, Kifaransa kiasi na Kiingereza cha kuokoteza, kiongozi wa mtaa wetu hakupoteza wakati. "Muite yule wa kwaya," alisema. "Ana sauti ya kufukuza nyani shambani." Nikaacha meza yangu ya unga wa muhogo kwa jirani, nikafunga kitenge kipya, nikaenda.

Taasisi yenyewe ilikuwa na ofisi Mbarara, kule mlimani Kamukuzi, nyumba ya chini yenye waya na milingoti juu ya paa. Kazi yao ilikuwa kujua hewa inayopita juu ya vichwa vyetu imebeba nini na imetoka wapi. Nilipowaeleza wanakwaya wenzangu walicheka hadi wakaegemeana. Watu wazima, na madigrii yao, wanapima hewa! Nami nilicheka nao siku ya kwanza. Siku ya pili nilikuwa nimeshanaswa, na usiniulize kwa nini; nadhani ni kwa sababu tangu nimalize shule nilikuwa sijaulizwa swali lolote lenye kuhitaji kichwa, zaidi ya bei ya kilo ya unga.

Aliyenifundisha kazi alikuwa dada mmoja mtafiti, mzaliwa wa Mbarara, mwembamba, wa kutembea kama anayechelewa basi. Ndani ya kasha jeupe, la ile povu ngumu wanayowekea samaki wa barafu, alikuwa amepanga mrija mwembamba wa chuma, mrefu ajabu, umezungushwa duara juu ya duara. Kasha lilifungwa chini ya puto kubwa. Puto likipanda, hewa ya ndani ya mrija inatoka yenyewe. Kule juu kabisa puto linapasuka, mwavuli unafunguka, na kasha likiwa linashuka mrija unameza hewa upya: ya juu inaingia kwanza, ya chini inafuata, kila tabaka linakaa kwenye fasi yake, mahali pake. Likigusa ardhi, mdomo wa mrija unajifunga.

"Ila hewa haikai imetulia," dada aliniambia. "Tabaka zinaanza kuchanganyika, kidogo kidogo, kama maziwa ndani ya chai. Lazima mrija ufike kwenye mashine ya Kamukuzi siku ileile, kabla jua halijazama. Ukichelewa, umebeba chuma tu."

Mrija wa kwanza uliangukia ziwani, ukazama tukiutazama. Wa pili uliangukia kwenye mafunjo ya bwawa, tukaupata kesho yake, chai imeshakorogwa. Ulibaki mmoja. Mkuu wa taasisi, mzee mpole asiyependa maneno mengi, alimwambia dada mbele yangu kwamba huo nao ukipotea atafunga kazi ya Nakivale na mashine itapelekwa nchi nyingine. Dada alikuwa ameifanyia kazi hiyo miaka. Alitoka pale ofisini akaenda kuosha uso. Mimi nilibaki na hasira, wala sikujua nimkasirikie nani, labda ziwa.

Siku moja kabla ya kurusha mrija huo wa mwisho nilipewa spika na gari nizunguke kambi nzima. Dereva alikuwa Mwislamu wa Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, mtu mzima, mtani kupindukia. "Wewe mukongo," aliniambia, "sauti yako hapana taka spika. Weka chini, betri itaisha bure." Nikamwambia aangalie barabara. Nikashika spika nikapiga kelele kijiji kwa kijiji, kwa Kiswahili chetu kinachoita watu "bantu": "Bandugu! Kesho kitu moja nyeupe itaanguka kutoka juu, na mwavuli ya rangi ya machungwa! Haiko bombe! Haiko uchawi! Ni mali ya bantu, benyewe banaitafuta! Musiipasue, musiichezee!"

Nilijisikia vizuri mno. Maneno yalikuwa wazi, watu walipunga mikono, wengine waliitikia "Amen!" kama vile nahubiri. Jioni nikamwambia dada alale usingizi, kwani hakuna mtu Nakivale atakayekigusa kile kitu vibaya. Na kweli, hilo sikukosea.

Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Asubuhi tulikusanyika kwenye uwanja wa shule. Puto lilijazwa gesi likasimama, jeupe, kubwa kuliko nyumba yangu, linataka kuondoka. Mimi na dereva tulilishika kwa glavu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Dada akahesabu, tukaachia. We! Lilikwenda! Uwanja mzima ulilipuka, watoto wakakimbia chini yake wakidhani watalifuata hadi Tanzania, na mama mmoja wa kwaya akaanzisha pambio bila kuombwa. Nililitazama hadi likawa punje ya mchele, kisha nikaliona bado wakati wenzangu wote walikuwa wamelipoteza, au nilijidanganya.

Saa zilizofuata tulikaa kwenye gari tukisikiliza mlio wa ishara ya kasha kwenye kompyuta ya dada. Linapanda. Linapanda. Limepasuka! Linashuka. Linakuja upande wetu! Dada alinishika mkono akanifinya. Kasha lilikuwa linaangukia ndani ya kambi, nchi kavu, kwenye mashamba ya maharagwe nyuma ya kilima. Halafu, karibu na ardhi, mlio ukanyamaza.

"Ni kilima kimeziba," dada alisema. "Twende, twende!"

Dereva aliendesha mpaka njia ikaisha, tukashuka kwa miguu. Tulipofika mashambani jua lilikuwa limeshapita utosi. Hakuna kasha. Hakuna mwavuli. Kulikuwa na mama mmoja mzee anapura maharagwe kwa fimbo, wala hakushangaa kutuona.

"Mama, shikamoo. Hukuona kitu nyeupe imeanguka?"

"Ah, ile kitu yenu? Nimeiona. Iliangukia hapa hapa, pole pole, kama mugeni mwenye adabu." Akafuta jasho. "Iko salama. Nilifanya sawa vile ulisema."

"Nilisema nini, mama?"

"Si ulisema ni mali ya bantu na benyewe banaitafuta? Ndiyo nikaibeba ku kichwa, nikaipeleka kanisani."

Nilishika kiuno. Nilielewa palepale, nikatamani kujipiga kofi na kucheka kwa wakati mmoja. Kwetu mtu akiokota kitu hakilazi nyumbani kwake, atasemwa mwaka mzima. Anakipeleka kanisani. Shemasi anakifungia, na Jumapili, wakati wa matangazo, anakiinua mbele ya washirika wote. Mwenyewe anasimama, anataja alama zake, anapewa. Funguo, simu, viatu, hata mbuzi. Na mimi nilikuwa nimetumia spika na mafuta ya gari kutangazia kambi nzima kwamba kasha ni mali iliyopotea!

"Leo ni siku gani?" dada aliuliza nilipomtafsiria.

"Alhamisi."

Alilitazama jua, akaanza kukimbia kabla sijamwonyesha kanisa liko upande gani.

Kanisa lilikuwa la udongo na mabati, safi, limefagiwa. Shemasi, mzee mrefu wa sauti ya chini, tulimkuta anarekebisha benchi.

"Yesu asifiwe."

"Amen. Kasha iko," alisema kabla hatujauliza. "Niliifungia mu kabati, pamoja na vikombe vya meza ya Bwana."

"Asante sana, papa shemasi. Utupatie sasa, tunaenda mbali."

"Jumapili."

Nilimweleza. Nilimweleza kwa upole, halafu kwa haraka, halafu kwa sauti ambayo kwaya inaifahamu. Hakukasirika. Alisema kwamba zamani kidogo alitoa baiskeli katikati ya wiki kwa mtu aliyeapa na kulia kuwa ni yake, na Jumapili mwenye baiskeli wa kweli akaja na watoto wake. Tangu hapo wazee wa kanisa waliamua kitu kisitoke bila matangazo. "Wewe nakujua, binti yangu. Unaimba hapa. Lakini kama nikiivunja sheria kwa ajili yako, kesho nitaivunja kwa nani tena?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichemsha zaidi. Dada alikuwa amekaa chini mlangoni, mikono kichwani. Dereva akanong'ona jamani ya kwao, "Banange, banange." Kivuli cha mlango kilikuwa kimerefuka hadi katikati ya sakafu.

"Papa shemasi," nikasema, "matangazo ni kitu ya Jumapili, ao ni kitu ya bantu kusikia?"

Akafikiri. "Ni ya bantu kusikia."

"Basi tubaite, basikie."

Mdomo ulimchezacheza. Kisha akatoka nje, akachukua chuma, akaanza kupiga ile ringi ya gari iliyokuwa kengele yetu. Aliipiga kweli, si mchezo! Watu walikuja mbio kutoka mashambani na majembe mabegani, wanawake na watoto mgongoni, kila mmoja na swali lilelile: "Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa!" nilijibu mlangoni. "Muingie! Matangazo!"

Baba yangu naye alikuja. Akakaa nyuma, karibu na mlango, fimbo ya kuchungia kati ya magoti. Fimbo hiyo hakuiacha, ingawa hakuwa na ng'ombe hata mmoja tangu tulipovuka mpaka mwaka 1996, mimi nikiwa msichana mdogo. Mwanzoni baba alikuwa akimtafuta kila mkimbizi mpya aliyetoka milima yetu, anamuuliza habari za malisho ya juu, nani amebaki kule. Wote walimjibu vilevile: kumekwisha, hakuna mtu, pori limekula. Ikafika siku akaacha kuuliza.

Shemasi alileta kasha limefunikwa kitambaa. "Mwenye mali aseme alama."

Dada alisimama mbele, amejaa vumbi kama sisi wote, mimi pembeni natafsiri. Akataja rangi, akataja utepe wa buluu kwenye kona, akataja kamba za mwavuli na jinsi zilivyofungwa. Shemasi alichungulia chini ya kitambaa kwa kila alama, akitikisa kichwa kukubali.

"Na ndani muko nini?"

"Mrija wa chuma."

"Na ndani ya mrija?"

Dada alisita. "Hewa."

Mnajua kucheka kwa watu waliokimbia wakidhani kuna msiba? Kanisa lilitaka kuanguka. Kina mama walipigana mapaja. Dereva, pale mlangoni, alijifunika uso kwa kofia. Shemasi peke yake hakucheka, alingoja watulie, akauliza kwa heshima kabisa: "Dada, hewa iko hapa mingi, ya bure. Hii ya kwako iko na alama gani?"

Nilimtafsiria nikiona aibu kwa niaba yake. Lakini dada aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu. Akaeleza. Hewa ya kule juu kabisa, fasi ambapo ndege hafiki. Chini yake tabaka jingine. Na katikati, juu kidogo ya milima mirefu, hewa ambayo haikuwa ya hapa. "Wiki hii upepo unatoka kusini," alisema. "Ile hewa ya katikati ilipita Ziwa Tanganyika. Imepita juu ya Uvira na milima ya Itombwe, labda juzi."

Nilitafsiri hadi "Tanganyika". Nilipofika "Itombwe", milima yetu wenyewe, sauti ilinikatika, mimi! Ilibidi nirudie. Watu wakaegemea mbele kwenye benchi.

"Ni hewa ya kwetu?" mama wa maharagwe akauliza.

"Ya kwetu, mama."

Baba alisimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu, mdomo huu nilirithi kwa mama. "Mubapatie kasha yao," alisema. "Lakini Jumapili barudie hapa. Batuambie baliona nini mu ile hewa."

"Ni hivyo?" shemasi akauliza washirika. "Ni hivyo!" wakajibu. Akaondoa kitambaa.

Hapo ndipo nilipojua dereva wetu alikuwa nani. Dada alikaa mbele, mimi nyuma na kasha mapajani, nimelifunga kwa kitenge changu kama mtoto, na dereva akaipeleka ile gari kwenye barabara ya murramu kwa namna ambayo hatukurushwa hata mara moja. "Wewe shika tu mtoto," alisema. Vumbi lilitufuata. Kila mlima tuliopanda dada aliangalia jua, kila bonde aliuliza saa. Tukakuta kundi la ng'ombe wa pembe ndefu wanarudi nyumbani, wamejaza barabara, hawana habari na sayansi. Dereva akashuka, akawasemesha wachungaji kwa Kinyankole, salamu ndefu, habari za nyumbani, habari za ng'ombe. Nilitaka kumrukia. Lakini wale vijana walipiga mluzi mmoja na ng'ombe wakajipanga upande, na dereva akarudi akasema, "Hapa kwetu, wewe hapana salimia, wewe hapana pita."

Tuliingia Mbarara jua likiwa juu ya vilima, jekundu. Kamukuzi tulipanda honi ikilia. Mkuu wa taasisi alikuwa amesimama nje na mashine imeshapashwa moto. Dada alichukua kasha mikononi mwangu, akakimbia nalo ndani, akaunganisha mrija, akafungua kifungo. Nami nikaingia, hakuna aliyenikaribisha, hakuna aliyenifukuza.

Kwenye kompyuta mstari ulianza kujichora. Ulikwenda umenyooka, umenyooka. Halafu ukapanda! Ukapanda, ukashuka, ukaacha nundu kama ya fahali, kisha ukaendelea zake. Tabaka zilikuwa zimekaa, kila moja mahali pake. Dada alipiga ukelele ambao hata mimi niliuonea wivu, akanikumbatia, akamkumbatia mkuu, na yule mzee mpole alicheka huku anafuta miwani. "Mashine inabaki," alisema. Dereva alikuwa mlangoni. "Alhamdulillahi," akasema, "sasa mimi nakwenda sali, halafu mutanunua mimi chapati."

Jumapili tulirudi sote. Dada alivaa gauni refu la kanisani, dereva alikaa dirishani upande wa nje, mkono kwenye fremu, anasikiliza. Shemasi alimaliza tangazo la mazoezi ya kwaya, alimaliza la ufunguo uliookotwa kisimani, akasema: "Sasa tangazo la hewa." Watu wakasogea.

Dada alishukuru kwanza. Alisema bila wao kazi ingekufa, na mama wa maharagwe akainama kwa haya. Kisha akasema kwamba katikati, kwenye ile hewa ya kusini, mashine iliona moshi. Moshi mwingi.

Nilitafsiri, na nikajutia neno lenyewe likiwa bado mdomoni. Maana sisi moshi kwenye ile milima tunaujua. Mama mmoja alishika kinywa. Mwingine akasema kwa sauti, "Bwana wangu, banachoma tena," na manung'uniko yakapita benchi kwa benchi. Nilimtafuta baba kwa macho, nikamkuta ameshasimama.

"Muulize," aliniambia, "ni moshi ya nyumba, ao ni ya majani?"

Nilimuuliza. Dada hakujibu haraka, nami nilimpenda kwa hilo. Akasema moshi wa nyumba ni mdogo, hewa inaupoteza kabla haujafika hapa. Huu ulikuwa mpana, wa siku nyingi, na picha zinazopigwa kutoka angani zilionyesha moto umeenea kwenye migongo ya milima, fasi hakuna nyumba. Hawezi kusema ni mlima upi. Lakini anaweza kusema ni majani.

"Majani," nikatafsiri. "Ni majani, baba!"

Alisimama vile, fimbo mkononi. Nilimwona anahesabu kitu kichwani, mwezi tuliokuwa nao, kiangazi, mvua iko wapi.

"Kule juu kuna umande na baridi," alisema taratibu. "Majani ya kule haijichome yenyewe. Ni mutu anaichoma, mu mwezi kama hii, ili iote mupya. Na anaichoma kwa sababu iko na ng'ombe." Akaangalia watu kulia na kushoto. "Kuna mutu kule. Kuna bantu banachunga!"

Vigelegele vilianzia kwa kina mama wa mbele. Nilitaka kumtafsiria dada na sikuweza, nilikuwa nalia na kucheka, akanishika bega akauliza, "Amesema nini? Amesema nini?" Na baba alikuwa bado amesimama, anapiga fimbo chini, macho yamemtoka, na ile sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu nikiwa mtoto ikajaa kanisa lote:

"Sasa ni nani huyo, anachunga mu fasi yangu?"